Ngozi ya dashibodi inapojikunja: chanzo chake na namna ya kuirekebisha

DASHIBODI huwa miongoni mwa sehemu za kwanza kutangaza umri wa gari. Ngozi iliyokuwa imelala vyema huanza kuinuka karibu na kioo cha mbele, hujivuta kutoka kwenye matundu ya hewa, na baada ya misimu kadhaa ya kiangazi huwa imejikunja kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni.

Wengi huvumilia hali hiyo kwa kuwa gari linaendelea kwenda. Wengine huifunika kwa kitambaa cha manyoya. Wachache hulipeleka gari kwa fundi ambaye, kwa gundi ya viatu na haraka ya kumaliza kabla ya jioni, huliongeza tatizo.

Kazi hii inawezekana, tena kwa vifaa vinavyopatikana humu nchini. Hata hivyo, ipo sehemu moja ya dashibodi ambayo kosa la fundi laweza kugharimu maisha ya abiria, nayo ni lazima ieleweke kabla ya kisu chochote kugusa ngozi.

Dashibodi yenyewe ilianza katika magari ya kukokotwa na farasi. Ilikuwa ubao, au kipande cha ngozi kilichowambwa kwenye fremu, kilichosimamishwa mbele ya dereva kumkinga na matope yaliyorushwa na kwato. Magari ya injini yaliirithi yakaiunda kwa mbao na chuma, na katika miaka ya 1950 baadhi ya watengenezaji wakaanza kuivika sponji ili abiria asipasuke uso wakati wa ajali. Kampuni ya Ford iliuza dashibodi ya namna hiyo kama nyongeza ya hiari katika magari yake ya 1956 huko Marekani, na kuanzia Januari 1968 kanuni za usalama za nchi hiyo ziliweka masharti kuhusu sehemu za ndani ambazo kichwa cha abiria chaweza kuzigonga.

Tangu hapo dashibodi nyingi zimekuwa na tabaka tatu: kiunzi cha chuma au plastiki ngumu chini, sponji katikati, na ngozi juu. Tabaka hizi hazitanuki wala kusinyaa kwa kiasi kimoja zinapopata joto, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Ngozi au plastiki?

Swali la kwanza ni iwapo ile inayoitwa ngozi ni ngozi kweli. Katika magari mengi ya kawaida, dashibodi imevikwa vinaili, yaani plastiki iliyopigwa muhuri wa vinyweleo ili ifanane na ngozi. Hata Mercedes ya W123, iliyoundwa kati ya 1976 na katikati ya miaka ya 1980 na ambayo bado huonekana katika barabara zetu, ilikuwa na dashibodi ya vinaili, na kupasuka kwake kunajulikana kote inakotumika. Ngozi halisi ilikuwa ya magari ya bei ghali, au ya wateja waliolipa zaidi.

Ukweli hujulikana kwa kutazama upande wa nyuma. Chomoa kifuniko cha tundu la hewa au cha spika, uangalie ukingo uliokatwa. Ngozi ya mnyama ina nyuzinyuzi zilizosokotana kama sufi. Vinaili ina kitambaa kilichofumwa, au sponji iliyoshikamana nayo moja kwa moja. Vinyweleo vya ngozi halisi havirudii mpangilio mmoja, ingawa ngozi za magari ya kisasa hupakwa rangi nzito na kupigwa muhuri hata jicho likadanganyika. Amini ukingo kuliko uso.

Tofauti hii si ya majina tu. Vinaili hulainishwa kiwandani kwa mafuta maalumu ambayo joto huyafukuza polepole. Ule ukungu wa mafuta unaoganda upande wa ndani wa kioo cha mbele hutokana kwa sehemu na mafuta hayo. Yakiisha kutoka, plastiki hukauka, husinyaa na kupasuka, na hakuna dawa ya kuyarudisha. Ngozi, kwa upande wake, hupoteza maji na mafuta yake, nyuzi zake zikakaribiana, na eneo lake likapungua. Ngozi iliyosinyaa kidogo inaweza kubembelezwa ikarudi. Vinaili iliyopasuka hujazwa kwa risasi laini ya plastiki, ikasuguliwa na kupakwa rangi, au dashibodi nzima ikavikwa upya.

Joto kuliko mwanga

Watu wengi hulaumu miale ya jua. Kwa kweli kioo cha mbele, ambacho ni vioo viwili vilivyogandishwa kwa utando wa plastiki, huzuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno. Kinachopenya bila shida ni mwanga wa kawaida na joto, na dashibodi ikiwa nyeusi hulinyonya lote.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walichapisha mwaka wa 2018 vipimo vya magari yaliyoegeshwa juani katika siku za joto kali. Baada ya saa moja, hewa ya ndani ilikuwa imefika wastani wa nyuzi 47 za Selsiasi, viti nyuzi 51, usukani nyuzi 53 na dashibodi nyuzi 69. Arizona ni jangwa, lakini dereva aliyewahi kuegesha gari mchana kutwa Mombasa, Garissa au Lodwar anajua jinsi usukani unavyokataa kushikwa.

Gundi nyingi za kawaida huanza kulegea katika joto la kiwango hicho. Kwa hiyo mambo mawili hutokea pamoja: ngozi inajivuta, na kile kilichopaswa kuizuia kinalainika. Mvutano huwa mkali zaidi penye mabonde, yaani pale ngozi inapolazimika kushuka na kupanda tena, kama vile chini ya kofia ya mita na katika mfereji ulio kando ya kioo. Ngozi hukata njia ya mkato, ikaacha bonde na kuning'inia hewani kama daraja.

Ndiyo maana kadi ya kuzuia jua, ile inayokunjwa na kusimamishwa nyuma ya kioo, inafaa kuliko chupa kumi za dawa. Dawa za kung'arisha ambazo vijana wa kuosha magari hupaka bila kuulizwa hazina lishe kwa ngozi. Nyingi ni silikoni. Mng'ao wake hujiakisi kwenye kioo, na anayesafiri jioni akielekea machweo hulazimika kuitazama barabara kupitia picha ya dashibodi yake. Isitoshe, silikoni ikishaingia katika ngozi, gundi na rangi hukataa kushika. Fundi atakayefuata atalazimika kuiosha mara kadhaa kabla ya kuanza kazi.

Kidole ndicho kipimo

Kabla ya kununua chochote, bonyeza sehemu iliyoinuka kwa kidole, gari likiwa limepoa.

Ngozi ikishuka na kugusa kitako chake bila kuvutana, basi gundi ndiyo iliyokufa na ngozi yenyewe ni nzima. Hiyo ni kazi nyepesi. Ngozi ikishuka nusu ya njia kisha ikakaza, imesinyaa, na itahitaji kulainishwa na kunyooshwa au kuongezwa kipande. Kidole kikikuta kigumu kimejaa chini yake, ngozi haina kosa: sponji imevimba au kiunzi cha plastiki kimepinda. Kumwaga gundi juu ya kiunzi kilichopinda ni sawa na kupaka chokaa ukuta uliopasuka msingi.

Fundi asiyebonyeza popote bali akataja bei akiwa amesimama mlangoni, mshukuru uondoke.

Mfuko wa hewa

Magari ya kale kama Peugeot 504 hayakuwa na mifuko ya hewa, na anayemiliki moja anaweza kuruka sehemu hii. Lakini gari la Kijapani la mwishoni mwa miaka ya 1990 au baada yake, ambalo kwa wengi ndilo "gari kuukuu" siku hizi, kwa kawaida lina mfuko wa abiria uliofichwa ndani ya dashibodi, juu ya kisanduku cha glavu.

Katika ajali mfuko huo hujaa kwa muda usiofika sehemu moja ya 20 ya sekunde. Ili utoke, lazima upasue dashibodi, na mahali pa kupasukia pamepangwa kiwandani kwa uangalifu. Katika dashibodi za ngozi, ngozi hukwaruzwa kwa nyuma ikabaki nyembamba kwenye mstari maalumu, au hushonwa kwa uzi dhaifu wa makusudi. Mstari huo mara nyingi hauonekani kwa mbele.

Fundi akivika eneo hilo ngozi mpya isiyokwaruzwa, akaishona kwa uzi imara wa viti, au akaimwagia gundi na risasi hadi ikawa gumu, anaufungia mfuko mlango. Unaweza kuchelewa kutoka, kutokea upande usiofaa, au kumrushia abiria vipande vya kifuniko usoni. Hakuna namna ya kulijaribu jambo hilo gereji. Shauri letu ni moja tu: kifuniko cha mfuko wa hewa kisivikwe upya wala kushonwa wala kupigwa gundi. Kikiharibika, kitafutwe kingine cha kiwanda.

Vilevile, ng'oa waya wa hasi wa betri kabla ya kufungua skrubu yoyote. Mfumo wa mifuko hii huhifadhi umeme wa akiba hata betri ikishaondolewa. Watengenezaji wengine hutaja kungoja sekunde 90, wengine dakika kadhaa. Anayengoja nusu saa akinywa chai hapotezi kitu. Plagi za mifuko hii huwa na rangi ya manjano katika magari mengi. Zisipimwe kwa mita ya umeme, na mfuko uliochomolewa ulazwe uso ukitazama juu, mbali na moto.

Jambo lingine linalowahusu wenye magari ya zamani ni vilipuzi vya kampuni ya Takata ya Japani. Kemikali iliyomo, amonia naitreti, huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, na kilipuzi kikapasuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma. Magari ya makumi ya mamilioni yaliitwa kurudishwa kote duniani, na kampuni hiyo iliomba kinga ya kufilisika mwaka wa 2017. Kwa kuwa dashibodi inafunguliwa hata hivyo, huu ndio wakati wa kupeleka nambari ya chesi kwa mwakilishi wa mtengenezaji na kuuliza iwapo gari hilo limo katika orodha. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya pwani yetu mwaka mzima.

Kuibandika upya

Tuseme ngozi ni nzima na gundi ndiyo iliyochoka. Ikiwa sehemu iliyoinuka ni ukingo unaofikika, hakuna haja ya kuing'oa dashibodi nzima. Tatizo kubwa ni ukingo wa kioo cha mbele, ambako mkono hauingii vizuri. Mwenye gari ambaye kioo chake kimepasuka na kinangojea kubadilishwa ana bahati: kazi ya ukingo huo ifanywe siku ile kioo kitakapokuwa nje, nayo itachukua saa moja badala ya siku nzima.

Inua ngozi taratibu kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa. Bisibisi huacha alama zisizofutika. Gundi ya zamani, ambayo huwa imegeuka unga au utando wa kahawia, lazima iondolewe yote pande zote mbili. Ikibaki, gundi mpya itashikana na unga huo badala ya kushikana na kitako. Sugua kwa msasa mwembamba na brashi kavu, kisha pangusa. Angalia usichimbe sponji.

Gundi iwe ya kuvumilia joto, ya aina wanayotumia mafundi wa dari za magari. Soma mkebe, iliyo bora hueleza kiwango cha joto inachohimili, na kisipungue nyuzi 80. Gundi ya viatu hufanya kazi nzuri kwenye viatu. Ile inayokauka mara moja, inayouzwa katika vichupa vidogo, haifai kabisa, kwani huganda kama kioo na kuacha mabaka magumu meupe ambayo hakuna awezaye kuyaondoa.

Paka tabaka jembamba kwenye ngozi na jingine kwenye kitako, ungoje hadi kidole kikigusa kisinase, kwa muda ulioandikwa kwenye mkebe. Haraka hapa ndiyo huleta malengelenge, kwa sababu mvuke wa gundi hunaswa chini na kuvimba siku ya jua. Kisha anzia bondeni. Shindilia ngozi ndani ya bonde kwanza, ndipo usambaze kuelekea kingoni kwa kigingi cha mbao kilichozungushwa ncha. Anayeanzia kingoni atafika bondeni akiwa hana ngozi ya kutosha.

Koleo na vibanio havikai vyema juu ya umbo lenye mawimbi. Vifuko vidogo vya kitambaa vilivyojazwa mchanga mkavu hukaa, kwa kuwa hufuata kila kona. Viache hapo kwa saa 24 au zaidi, gari likiwa kivulini.

Lengelenge lililo katikati, mbali na ukingo wowote, ni shauri jingine. Gundi ya maji inaweza kupenyezwa kwa bomba la sindano kupitia tundu la mshono, ikasambazwa kwa kidole na kukandamizwa. Hufaulu kwa malengelenge madogo. Kwa makubwa, afadhali ngozi ifunguliwe kutoka ukingoni.

Mvuke wa gundi hizi hulevya na kushika moto upesi. Katika vibanda vingi vya juakali mchomeleaji yuko hatua tatu tu kutoka kwa fundi wa viti, na cheche haiulizi mpaka ni wa nani. Kazi ifanyiwe penye hewa, moto ukiwa umezimwa.

Ngozi iliyosinyaa

Ngozi iliyopungua milimita chache inaweza kurudishwa. Ifunguliwe, ilainishwe kwa nyuma na sifongo yenye maji vuguvugu, iachwe hadi unyevu uenee sawasawa, kisha ivutwe kwa viganja, kidogo kidogo, juu ya umbo lake bila gundi. Ibanwe hapo hadi ikauke yenyewe, ndipo ipakwe mafuta ya ngozi kwa uso na gundi kwa nyuma.

Hapa ndipo wengi huharibu. Huona ngozi imekaza, wakaleta birika linalochemka au mashine ya mvuke. Ngozi iliyoloa husinyaa katika joto la chini zaidi kuliko ngozi kavu. Ile iliyodabaghiwa kwa magome ya miti huweza kuanza kujikunja, ikiwa imeloa, kwenye nyuzi 75 hadi 85 hivi. Ya kromu huvumilia hadi karibu nyuzi 100, na ngozi iliyozeeka huvumilia pungufu ya hapo. Ikishajikunja kwa namna hiyo, huwa ngumu kama kwato na safari imeisha. Kanuni rahisi ni kwamba maji ambayo mkono hauwezi kuyastahimili, ngozi nayo haiyawezi.

Pengo likiwa kubwa kuliko hapo, kuvuta zaidi ni kuirarua mishono. Inabidi kukata ngozi mpya. Ile ya zamani ifumuliwe na kutumiwa kama ruwaza, lakini ikumbukwe kwamba imesinyaa: anayeikata mpya kwa kipimo kilekile atapata dashibodi ndogo kuliko gari. Ongeza sentimita mbili kila upande, ujaribishe kwanza kwa kitambaa cha bei rahisi, ndipo ukate.

Ngozi inayofaa ina unene wa milimita moja hivi, imepakwa rangi isiyong'aa, na imetengenezwa kwa ajili ya magari. Zipo zilizodabaghiwa bila kromu mahsusi kwa dashibodi, kwa kuwa husinyaa kidogo zaidi zikikaa kwenye joto kavu. Ngozi nzuri ya mikoba na makubadhi kutoka soko la Kariokor, Nairobi, itapendeza siku ya kwanza na kuanza kujikunja mwaka ule ule. Aidha, chagua sehemu ya mgongo wa mnyama, kwa maana ya tumbo hunyooka ovyo.

Wenye magari ya kale wanaojiandaa kwa mashindano ya Concours d'Elegance kule Ngong Racecourse huweza kugharimia haya yote. Kwa mwingine, dashibodi kuukuu iliyo nzima kutoka kwa wauza vipuri wa Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, inaweza kuwa nafuu zaidi kuliko ngozi na ushonaji. Sharti aikague kwa kidole vilevile, na ahakikishe mfuko wa hewa haujawahi kufyatuka na kufunikwa kwa ujanja.

Kurudisha vitu mahali pake

Kiunzi cha plastiki kilichopinda kidogo hupashwa kwa hewa ya moto kwa mbali, kikanyooshwa na kubanwa hadi kipoe. Matokeo yake hayana uhakika, na kikiwa kimepasuka ni heri kitafutwe kingine.

Wakati wa kufungua, piga picha ya kila hatua na utie skrubu za kila sehemu katika mfuko wake wenye maandishi. Skrubu ndefu ikiingia palipokuwa na fupi inaweza kutoboa waya au bomba la kipasha joto. Baada ya kila kitu kurudi, waya wa betri hurudishwa mwisho, pasiwe na mtu aliyekaa upande wa mfuko wa hewa.

Washa swichi bila kuwasha injini, ukitazame kitaa cha mifuko ya hewa kwenye mita. Kinapaswa kuwaka kwa sekunde chache kisha kizime. Kikibaki kimewaka, au kisipowaka kabisa, plagi fulani haijakaa au mfumo una hitilafu, na kiti cha mbele kisikaliwe na abiria hadi gari lipimwe kwa mashine.